Sakafu ya mama na trekta inayotoka jasho

Doa la mwanzo lilikuwa dogo tu, kama sarafu ya mia mbili, na aliyeliona si mie wala mdogo wangu anayejiita dereva. Aliyeliona ni mama. Katoka alfajiri baada ya sala na fagio lake la chelewa, sisi bado tumelala, mara nasikia naitwa jina langu kamili mpaka la babu, na ukiitwa hivyo na mama yako asubuhi bila ya kuulizwa umeamkaje basi ujue kuna jambo. Natoka nafikicha macho namkuta kasimama juu ya sakafu anaelekeza ncha ya fagio chini ya trekta.

"Hichi nini?"

Nikainama. Oili. Imedondoka, imetanda, katikati bado mbichi inang'ara.

Kwa asiyejua mambo ya Pemba, sakafu hapa si ya ndani ya nyumba. Ni ile saruji ya uwani ya kuanikia karafuu, siku nne tano zikipata jua zuri, na mama zake anazipitia kwa mkono anatoa makonyo kama anachambua mchele. Na karafuu inavuta harufu. Ukianika penye oili utaipeleka kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, itainuliwa itanuswa, halafu ukaanze kumsimulia mtu wa mzani habari za trekta. Kweli ilikuwa masika, hata karafuu moja haijachumwa mtini, lakini hoja hio sikuthubutu kuitoa.

Trekta tuliiegesha pale kwa sababu ndo pahala pekee pakavu na pamenyooka. Leo nasema alhamdulillahi tuliiegesha pale, mana kwenye udongo lile doa tusingeliona mpaka mwezi upite.

Sasa niielezee trekta yenyewe. Ni ndogo, hospawa 25, silinda 3, dizeli, inavuta magurudumu yote manne, na rotaveta yake nyuma, ile mashine ya visu vinavyozunguka ya kuburugia udongo. Chapa sitaji mana sitaki maneno. Imenunuliwa kwa pesa ya karafuu ya misimu mitatu ya watu watatu, mie, mdogo wangu na ami, na ami ndo mwenye sehemu kubwa kwa hio ndo mwenye sauti. Watu walituuliza kwa nini ndogo, kubwa iliyotumika mungepata kwa bei hio hio. Kweli, lakini nenda nayo bonde la Ole kwenye masika uone. Vipando vyenyewe vyembamba, kinamo kimelowa, trekta nzito inazama mpaka ekseli halafu munatafuta nyengine ya kuja kuitoa. Hii yetu inaelea elea inapita, inaburuga, inageuka pale pale. Na tulichoka kusubiri trekta za kukodi, mana mvua haisubiri foleni, mpunga ukichelewa kuingia bondeni umechelewa.

Ilishushwa bandarini Mkoani, imekuja juu ya sitaha ya chombo, wazi, imepigwa na maji ya chumvi njia nzima. Hilo la chumvi nitalirudia. Mita ya masaa, ile inayohesabu injini imefanya kazi saa ngapi, ilikuwa haijafika hata saa moja. Siku mama analiona doa ilikuwa inasoma saa saba. Saa saba! Hata harufu ya kiti kipya haijatoka.

Basi habari ikafika barzani kabla ya mie. Jioni naenda kunywa kahawa nawakuta wameshaifungua injini kwa mdomo. Mmoja anasema hio ni gasketi ya chini. Mwengine, huyu alikuwa Dar miaka na anajua mambo, akaniuliza oili inatoka wapi hasa, nikamwambia inadondokea pale kwenye kile kitundu chini ya ganda la klachi, pale injini inapoungana na gia boksi. Akaweka kikombe chini. "Hapo basi ni sili ya nyuma ya kranki. Inabidi trekta ikatwe katikati." Sili hio ni mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma. Kukatwa maana yake kuitenganisha vipande viwili, injini huku, gia boksi kule, ndo uifikie hio sili. Usiku ule sikulala. Nikiiona trekta yetu uwani imetenganishwa kama samaki aliyepasuliwa, na ami kasimama pembeni hasemi kitu.

Asubuhi nikampigia aliyetuuzia. Akacheka, akasema trekta mpya zote zinavuja kidogo mwanzo, wewe kaza tu. Kaza tu. Maneno mawili hayo yamenigharimu wiki nzima.

Na nisimdhulumu, mana nusu ya alichosema ni kweli. Nilivyokuja kuelewa baadaye, mashine hizi zinasafirishwa kwenye kontena zimevuliwa baadhi ya vitu ili zienee, magurudumu mbali, hichi mbali, halafu anaepokea ndo anaunga, na anaeunga ana haraka zake. Na hata kile kilichofungwa kiwandani kimefungwa kibaridi. Ikianza kazi inapata moto inapoa, inapata moto inapoa, mpira wa hosi unajikalia, rangi iliyokuwa imebanwa chini ya kichwa cha boliti inabonyea, mtikisiko unafanya kazi yake, na kilichokuwa kimekaza kinakuwa kimelegea robo mzunguko. Ndo mana masaa ya mwanzo mwanzo utaona hapa pametoka jasho pale pamedondoka tone. Si ugonjwa. Lakini "kaza tu" haikuambii ukaze nini, wala ukaze mpaka wapi.

Mie nikakaza kila kitu. Nikachukua spana, nikachomeka bomba nyuma yake nipate nguvu, nikaanza mbele nikenda nyuma kila nati niliyoiona, mdogo wangu ananishikia tochi na kunisifu. Tulipofika kwenye filta ya dizeli kuna boliti ile yenye tundu katikati inayopitisha mafuta, ina washa, vile vipete bapa vyembamba vya shaba, juu na chini, palikuwa pana unyevu kidogo tu, unyevu wa kupangusa kwa kitambaa basi. Nikaikaza. Ikalia kidogo, krr. Nikaongeza. Asubuhi yake pale palipokuwa na unyevu pana dizeli inatoka tone tone, na sakafu ya mama ina doa la pili lenye harufu kali zaidi kuliko la kwanza.

Si hilo tu. Mdogo wangu nae, bila ya kuniambia, kafungua ungio moja la haidroliki, ule mfumo wa oili ya presha unaonyanyua rotaveta, akalizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, raundi sita saba, akafunga. Kwa nia njema kabisa.

Hapo ndo tukamwita fundi kutoka Chake. Mtu mzima, maneno machache, kaja na pikipiki na kimkoba. Kaizunguka trekta mara moja, kaiona ile tepu imechungulia kwenye nati, akauliza, "Hii imefungwa na mtu wa mabomba ya maji?" Mdogo wangu akawa anaangalia mnazi.

Akatuonyesha, na hapa nataka nieleze vizuri mana nimeona watu wengi wanafanya hivi. Lile ungio ukilifungua, ndani yake kuna ncha iliyochongwa kama koni, na upande wa pili kuna kikalio chake. Kinachozuia oili isitoke ni chuma kukaa juu ya chuma pale kwenye koni. Nyuzi za nati kazi yake kukaza tu, hazizuii chochote. Kwa hio tepu kwenye nyuzi haisaidii kitu, ila ikikatika vipande vinaingia ndani ya mfumo vinakwenda kuziba vijia vidogo vya vali, na hapo ndo utajua haidroliki inagharimu nini. Akaitoa yote kwa kijiti cha meno, uzi mmoja mmoja, dakika ishirini nzima, huku anapuliza. Kwenye koni palikuwa na kijichembe cha rangi, kidogo kama punje ya ufuta. Akakipangusa kwa ukucha na kitambaa, akafunga kwa mkono mpaka mwisho halafu spana kidogo tu. Basi. Lile ungio halijatoka jasho tena mpaka leo.

Washa ya shaba nayo. Mie nilidhani tutaagiza nyengine, akasema hii haijapasuka, imekuwa ngumu na umeiponda upande mmoja. Akamuomba mama makaa kidogo jikoni. Akaiweka washa juu ya makaa kwa koleo mpaka ikawa nyekundu ile ya kufifia, akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji, chwaa, akaisugua na msasa laini juu ya kioo, akairudisha. Shaba ukiichoma hivyo inalainika, inakubali kukaa. Lakini akasema hii ni ya kuvukia tu, mukipata mpya muweke mpya. Kikombe kile mama kakitupa.

Sasa lile doa la kwanza, la kitundu cha klachi. Nikamwambia fundi habari za barzani, za kukata katikati. Hakubisha hakukubali. Akavuta kijiti cha oili ya injini akakipangusa kwenye karatasi nyeupe, halafu akachukua tone lililokuwa linaning'inia chini akalitia pembeni yake. La injini tayari limeshaanza kuwa jeusi, mana oili ya injini ya dizeli haichukui muda, masaa machache tu masizi yameshaingia. La chini lilikuwa safi kama asali ya nyuki wadogo. Kwa hio si ya injini. Kwa hio si sili ya kranki. Wallahi nilimpenda yule mzee.

Lakini kesi haijesha, mana trekta ndogo hizi oili ya gia boksi na ya haidroliki ni hio hio moja, zinakaa tangi moja. Ingeweza kuwa sili ya shafti inayoingilia gia boksi, na hio nayo ni kukata katikati vile vile. Akasema musimsikilize mtu, muiulize trekta. Munayo poda?

Poda ya mtoto! Mke wangu alitoa ile kopo kwa shingo upande. Tukaiosha trekta kwa sabuni kuanzia chini ya kiti mpaka chini kabisa, tukakausha kwa vitambaa, tukaiacha juani mpaka adhuhuri. Halafu akaipaka poda, anajipakia kwenye kiganja anapuliza, sehemu yote ya ganda la klachi na juu yake na ubavuni, mpaka ikawa nyeupe kama maiti, astaghfirullah. Mdogo wangu akawasha, rotaveta nyuma, akawa anainyanyua na kuishusha, anainyanyua na kuishusha, mana haidroliki ikiwa haina mzigo haivuji, inakudanganya.

Dakika kumi hakuna kitu. Watoto wa jirani wameshajaa. Dakika ya kumi na mbili hivi nikaona, si pale chini, huku juu kabisa, chini ya bomba la chuma linalotoka kwenye pampu kwenda kwenye mikono ya nyuma inayobeba rotaveta, pametokea kijialama cha rangi ya kijivu kwenye poda. Kikarefuka. Kikateremka taratibu kama njia anayoacha konokono ukutani, kikapita nyuma ya boliti moja, kikazunguka ubavu wa ganda, kikafika chini kabisa kwenye kitundu, kikakusanyika, kikaning'inia. Tone. Yani oili ilikuwa inatoka juu, inasafiri kama nusu mita imejificha, inakwenda kudondokea mlango wa mtu mwengine kumsingizia. Kitundu kilikuwa hakina kosa lolote, ni pahala pa chini tu.

Nilitaka kupeleka mkono kule juu nipapase ungio. Fundi akanipiga kofi la mkono, kweli kweli, mie mtu mzima na watoto wangu wanaangalia. Na alikuwa na haki. Tairi la gari la kawaida lina presha kama 30 hivi ukihesabu kwa psi. Haidroliki ya trekta hata ndogo inafika kama 2,000 hivi. Tundu likiwa dogo kama ncha ya sindano, oili inatoka kama sindano vile vile, huioni, inapenya ngozi inaingia ndani, na mwanzo haiumi sana, unaona kinukta tu kama umechomwa na mwiba. Watu wamekatwa vidole na mikono kwa hilo kwa sababu walingoja kesho. Ukipatwa ni kwenda spitali saa ile ile na uwaambie ni oili ya haidroliki imeingia kwa presha, usiseme umejikata. Kutafuta pahala panapovuja tumia kipande cha boksi, pitisha boksi, mkono weka mfukoni.

Injini ikazimwa, rotaveta ikashushwa chini, akaisukuma ile levya huku na huku presha iishe, ndo akafungua. Ndani kuna oringi, kijimpira cha mviringo kama cha kufungia viazi vya mbatata ila kigumu. Kilikuwa kimebanwa wakati wa kufungwa, upande mmoja kimekatwa kijidomo chembamba mfano wa mwezi mwandamo. Kitu chenyewe ukikitia mfukoni unakipoteza. Na ndo kilichonikosesha usingizi.

Oringi ya kipimo kile Chake haikupatikana. Kulikuwa na za kukaribia, na mtu wa duka alitaka kunipa ya kukaribia, fundi akamwangalia tu. Nikampigia tena aliyetuuzia, safari hii sikumwambia inavuja, nilimtumia picha: mita ya masaa, ungio, mchirizi kwenye poda, na oringi yenyewe juu ya kiganja. Kwanza alitaka nilipie, akasema tumefungua wenyewe. Halafu akasema tuipeleke trekta Unguja ikaangaliwe. Nikamwambia ndugu yangu, kuna bahari hapo katikati. Mwisho akakubali, oringi tatu zikatiwa kwenye bahasha zikapewa abiria wa boti, nikaenda kuzipokea bandarini Mkoani kama napokea mchumba. Bila ya zile picha zenye masaa, nina hakika tungekuwa tunabishana mpaka leo.

Siku zile nne za kusubiri mvua ilikuwa inapiga kila usiku na bonde limejaa maji na kila anaepita njiani anauliza vipi trekta. Sitaki hata kuzikumbuka.

Ila kuna moja lazima nilisimulie. Baada ya kufunga oringi mpya (inapakwa oili safi kwanza, inawekwa kwa vidole, haisukumwi na bisibisi) tukafanya kazi siku moja safi, siku ya pili tukaona oili tena! Juu, karibu na kiti. Nikakaa chini. Nikasema basi, hii trekta imelogwa. Kumbe mdogo wangu, kwa kuwa oili imekuwa ikitoka siku zote hizo, kaona aongeze. Kaongeza lita nzima na zaidi, tena kapima wakati rotaveta iko juu, na mikono ikiwa juu sehemu ya oili iko kwenye silinda ya haidroliki kwa hio kijiti kinakwambia imepungua. Ikishashushwa imezidi. Ikipata moto inatanuka, inatafuta pa kutokea, inatokea kwenye kipumulio. Tukaipunguza, ikanyamaza. Kupima ni pahala tambarare, mikono chini, injini imezimwa. Nimeyaandika kwa chokaa ukutani kwenye banda na mdogo wangu kaninunia siku mbili.

Vitu vyengine vilikuwa vidogo. Klampu za hosi za rejeta zilitoa maji kidogo, unaona alama ya kijani iliyokauka, tukazikaza asubuhi injini ikiwa baridi, nusu mzunguko, basi. Trekta ikawa inazimika yenyewe ikipita kwenye tuta na PTO, ile shafti ya nyuma inayoendesha rotaveta, inazunguka, tukadhani dizeli ina hewa, kumbe kuna swichi chini ya kiti inayozima injini dereva akiinuka, na mdogo wangu mwepesi, akirushwa na tuta swichi inadhani kashuka. Plagi yake nayo ilikuwa imeingia nusu. Tuliisukuma ikaingia vizuri na kiti tukakilegeza springi kwa uzito wake. Kuna mtu alitufundisha kuiunga moja kwa moja hio swichi isifanye kazi. Hapana. Rotaveta haina urafiki na mtu.

Betri ilikuwa na unga wa kijani kwenye vichwa, hio ndo chumvi ya safari niliyosema. Maji ya moto, brashi, kukaza, grisi juu. Na tungeiosha trekta nzima kwa maji baridi siku ile ile ya Mkoani tungefanya la maana zaidi kuliko kuipiga picha.

Gia boksi ya rotaveta ilikuwa haina oili. Kavu. Si pungufu, kavu, mana vifaa vingi vya nyuma vinasafirishwa hivyo, na karatasi inasema, ila ile karatasi tulikuja kuisoma kwa bahati tu usiku wa kabla ya kwenda bondeni, mie nilikuwa natafuta namba ya simu. Tungefanya nayo kazi asubuhi moja tu, ingekwisha.

Na nati za magurudumu. Hili ndo lililonitisha kuliko oili yote. Saa kumi na mbili kwenye mita, fundi alituambia tuzipitie, nikaona anatafuta kazi tu, magurudumu hayavuji kitu, lakini nikapita. Gurudumu la nyuma kushoto nati mbili zikazunguka kwa mkono. Kwa vidole! Na mdogo wangu siku mbili kabla yake alikuwa anashuka nayo ule mteremko wa kutoka barabarani, na watoto wawili wamedandia nyuma. Sikumwambia mama. Ami nilimwambia, akanyamaza kidogo, halafu akasema kuanzia leo hapana mtoto juu ya trekta, na funguo zitalala kwangu. Mie ndo niliyekuwa natazama matone siku zote hizo, chini, na sikutazama gurudumu.

Saa hamsini tukafanya sevisi ya kwanza, hii si ya kukwepa. Oili ya injini na filta yake, filta ya haidroliki, kukaza tena vilivyotajwa kwenye kitabu. Mie nilikuwa naona oili bado nzuri, ya nini kuimwaga. Fundi akanionyesha sumaku ya kwenye plagi ya chini, ina tope la kijivu laini kama uji, ukilisugua kwenye vidole halina chembe, linang'ara. Akasema hio kawaida, gia mpya zinasuguana zinazoeana, tope laini sawa, ukiona vipande basi nipigie. Na mkiwa mnafanya kazi bondeni kwenye maji, kijiti mkitazame kila siku, oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa jua maji yameshaingia, isimame hapo hapo.

Sasa hivi inasoma saa sitini na tatu. Chini ya filta ya dizeli bado pana jasho, washa mpya nimeshaagiza. Kwenye ekseli ya mbele kulia pana unyevu, naupangusa Ijumaa, nautazama Ijumaa ya pili, haujawa tone. Nimeupiga picha na mita. Spana sijaigusa, ingawa mkono unawasha.

Trekta inalala chini ya mwembe siku hizi, juu ya kipande cha bati, na bati naliangalia kila asubuhi kabla ya chai. Madoa ya sakafuni tumeyasugua kwa sabuni ya unga na jivu, la dizeli limetoka, la oili limebaki kivuli. Mama kalizungushia mstari wa chokaa. Msimu ukija kasema ataanika pembeni yake, na ndani ya mstari ataniwekea kiti nikae nizilinde karafuu na kuku.